Saa Kumi na Nusu, Redio Mshipa

Saa kumi na nusu alfajiri. Maji ya ndoo yameganda.
Navunja barafu kwa mpini wa nyundo, nachemsha majani ya koka,
nawasha mtambo, nao unakohoa kabla yangu.
Kuta zetu zimevaa trei za mayai.
Humu ndimo kampuni ya bati ilimoweka baruti zamani.
Sasa tunaweka sauti.

Habari za asubuhi, Chullpamayu. Ni mimi, Eulogia.
Kwanza matangazo:
Don Teófilo amepotelewa na lama wawili,
mmoja ana utepe mwekundu sikioni.
Chanjo ni Jumanne, shuleni, si kanisani.
Anayemdai Wilma gunia la viazi vikavu
aende akalichukue; anasema amechoka
kukwepa macho ya watu sokoni.

Kisha simu.
Kila Alhamisi, dakika ya ishirini,
yuko mtu anayepiga na hasemi.
Anapumua tu.
Rómulo, fundi wetu, alitaka kuikata:
ni watoto wanacheza, mama.
Nikamwambia iache.
Pumzi ile naijua. Nimelala kando yake miaka kumi na tisa:
inaingia kama mtu anayepanda ngazi na mzigo mgongoni,
inasimama katikati,
inatoka na changarawe.
Mapafu yaliyokula mlima,
mlima nao ukayala.

Severo wangu alikwenda hivyo, mwezi wa Agosti,
dirisha wazi, baridi ya kupasua mawe,
akidai hewa kama mtu anayedai mshahara wake.
Alikuwa mpulizaji. Zumari zile za mianzi
huchezwa na watu wawili: mmoja ana nusu ya sauti,
mwenzake ana zilizobaki.
Peke yako huwezi kumaliza hata kipande kimoja cha wimbo.
Wanawake hatukufundishwa. Mimi niliiba kwa macho.
Usiku ule nikapuliza nusu ya mwenzake,
naye akaweka yake mdomoni.
Haikutoka sauti. Upepo tu,
lakini upepo uliokuja mahali pake.

Hakupona. Nalisema hapa hewani,
maana wapo wanaotangaza muziki kama sabuni.
Haujanirudishia mtu.
Ila kwa muda wa wimbo mmoja
uso wake uliacha kuwa uso wa mtu anayefukuzwa,
na mimi, niliyekuwa nahesabu pumzi zake,
nilisahau kuhesabu.

Kwa hiyo mpigaji wa Alhamisi simuulizi jina.
Naweka santuri. Tunasikiliza, yeye na mimi na mji mzima,
wake za wachimbaji wakifunga vyakula,
zamu ya usiku ikipanda kutoka shimoni
na vumbi kwenye kope.

Alhamisi iliyopita umeme ulikatika.
Santuri ikazembea, ikalala katikati ya wimbo.
Rómulo akapapasa kiberiti, akautukana mji wa Oruro wote.
Lakini simu ya mezani haitegemei umeme wetu,
na mkonga ulikuwa bado sikioni mwangu:
alikuwa anaendelea.
Hakuwa anaimba, hapana. Alinguruma, kwa pengo,
sauti moja kisha kimya, sauti moja kisha kimya,
akiacha nafasi ya mtu mwingine.

Nusu ya Severo hutundikwa nyuma ya mlango, juu ya koti.
Niliishusha gizani. Midomo ilikuwa mikavu.
Nilikosea mara ngapi sijui.
Alinisubiri kila nilipokosea.

Mtambo ulikuwa umezimika. Hakuna aliyetusikia,
isipokuwa Rómulo, ambaye alipata kiberiti
na hakukiwasha.

Umeme uliporudi nikataja saa, kama kawaida,
nikasema barabara ya juu ina theluji.
Simu ilikwisha kukatwa.

Leo Alhamisi. Dakika ya kumi na tisa.
Zumari liko mezani, nimelipasha moto kwenye birika.
Mmoja wa lama ameonekana, yule asiye na utepe.
Na Wilma anasema gunia bado liko mlangoni.